Msiniulize jengo, niulizeni nani yumo ndani

Swali lenu la wiki hii, "Jengo gani la kale mtaani kwenu ungeliokoa lisibomolewe?", nimelisoma asubuhi na chai ikanipoa mkononi. Maana kwetu Mji Mkongwe wa Zanzibar kubomoa siyo habari sana, Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, tumo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, ukibadilisha mlango tu bila kibali utakuja kuulizwa. Kinachoniuma mie ni kitu chengine, jengo linabaki limesimama vizuri kabisa na duka lilokuwemo limeshakufa. Sasa hilo nani analiokoa?

Mie nasemea lile duka la kona pale Kiponda, wa mtaani hata nisipolitaja zaidi wanalijua, lenye milango ya mbao ya kukunja huku na huku na baraza inayopinda pamoja na njia. Bibi yangu akisema alolijenga ni Mhindi wa Kachi, chini duka juu nyumba kama yale yote ya Hurumzi na Mkunazini, mchana anauza bafta na kanga, jioni anafunga mbao zake anapanda ngazi kwake. Yalipotokea Mapinduzi ya 1964 wenyewe wakaondoka, nyumba ikawa ya serikali, na juu tukapangishwa sie, familia tatu, kodi ndogo hata aibu kuisema. Miaka ya foleni za mchele wakubwa wanasema dukani mlikuwa na rafu tupu na mizani tu. Halafu katikati ya miaka ya 80 biashara ilipofunguliwa akaja mzee mmoja wa Pemba akalikodi, sote tukimwita Ami.

Ami ndo duka lenyewe. Ukitumwa mkate wa boflo, sukari robo, mafuta ya taa, huendi na pesa, unaenda na jina la mama. Anaandika kwenye daftari lenye gamba jekundu, kila nyumba na ukurasa wake, na mie kwa kuwa nlikuwa nasoma skuli akinambia "haya mwanangu jumlisha mwenyewe" nikawa najumlisha ukurasa wetu kila nikienda. Kwa hiyo deni la kwetu nlikuwa nalijua kuliko mtu yoyote.

Masika ya 1987 ilinyesha siku tatu bila kupumua. Usiku wa tatu tukasikia mshindo chini, ule mshindo siusahau, baba akachukua kandili tukashuka, dari ya duka imekuja chini upande wa nyuma. Wasojua nyumba zetu waelewe, dari ni boriti za mikoko zimelazwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa na udongo, uzito wake siyo mchezo, boriti ikioza kichwa pale inapoingia ukutani basi vyote vinashuka. Gunia za mchele zimefukiwa, sukari imekuwa maji, na lile daftari Ami alikuwa analiweka juu ya rafu ya nyuma, tumelichimbua asubuhi wino wote umetanda kurasa nzima, hakuna namba inayosomeka. Watu wakaja kutoa mawe kwa karai, hakuna aloitwa, wanawake wakaleta uji. Baada ya magharibi Ami akakaa pale barazani na daftari jipya, akasema kila mtu anambie mwenyewe alokuwa anadaiwa. Tu. Hakubishana na mtu. Nlikuwa nimesimama karibu na mlango, wanakuja mmoja mmoja, "miye mia na ishirini Ami", "miye sitini", anaandika. Mama akaja akasema mia mbili na hamsini. Mie nlijua ni mia nne na thelathini, nlijumlisha mwenyewe juzi yake. Mama akanitizama. Nikanyamaza. Ami akaandika akasema ahsante mwanangu. Simlaumu mama, baba hakuwa na kazi mwaka ule, lakini tangu siku ile kila nikisikia watu wanasema zamani watu walikuwa waaminifu nnainamisha kichwa.

Na nilipoanza kuandika nlitaka kuwalaumu watalii. Nlitaka kusema maduka yetu yameliwa na picha za tingatinga na mikoba ya ukili, chumvi sasa lazma ufate sokoni Darajani. Ni kweli hayo. Lakini ile dari ilianguka kwa nini? Sie wa juu. Tulikuwa tunafua mle ndani, familia tatu, maji ndoo kwa ndoo juu ya sakafu ya chokaa, miaka zaidi ya ishirini, yakizama kwenye boriti za mtu wa chini. Na palipopasuka tukipaka saruji, tukidhani tunaimarisha, kumbe saruji inazuia ukuta kupumua, unyevu na chumvi vinabaki ndani vinakula jiwe. Kodi ile ndogo haikutosha hata kununua boriti moja na serikali nayo haikuja.

Miaka ya 90 nyumba ikauzwa kwa mtu, sie tukahamia Mwanakwerekwe. Wiki ilopita nikaenda makusudi. Kijana anouza picha hapo sasa akaniruhusu niingie mpaka nyuma, nikatizama juu, boriti mpya, zimenyooka, ukuta umepigwa chokaa ilolala majini sawasawa, siyo saruji. Mwenye nyumba anatengeneza kwa kodi ya lile duka la picha. Hiyo kodi Ami asingeweza kuilipa hata mwezi mmoja. Na tumeshaona Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la 1883, jengo linalojulikana dunia nzima, sehemu yake imeporomoka Disemba 25, 2020 likiwa kwenye matengenezo na watu wawili wakafa. Sembuse kona ya Kiponda.

Basi jibu langu, na linaniuma, abaki huyo kijana wa picha. Lakini isiwe mtaa mzima, na wenye nyumba waachie japo mlango mmoja kila njia kwa kodi ambayo muuza boflo anaiweza, na mpangaji wa juu afundishwe maji yanakwenda wapi, awe mwenyeji au awe hoteli, maana hoteli nazo zina mabafu juu ya boriti zilezile. Kama nimekosea hapo mafundi wa chokaa wanisahihishe.

Ami ameshafariki, Mungu amrehemu. Kama kuna mtoto wake au mjukuu anasoma hapa, nyumba ya juu ilikuwa mia nne na thelathini, siyo mia mbili na hamsini. Mie nipo, pale Kiponda wazee wote wananijua, waulizeni watakuonesheni kwangu.