Odin ni nani, na je Wajerumani wa Tanga walimuabudu?

SWALI: Habari za kazi kaka. Kijana wangu yuko darasa la sita hapa Ngamiani, muvi za Thor zimemkolea, sasa ananiuliza yule mzee wa jicho moja, Odin, ni nani hasa, na eti Wajerumani waliojenga yale majengo ya zamani hapa mjini ndo walikuwa wanamuabudu? Nisaidie. – Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Salama mama, na huyo kijana usimkatishe tamaa, swali lake zuri sana.

Odin ndo mkubwa wa miungu ya Skandinavia ya kale, Wajerumani wa zamani wakimwita Wodan, na Thor ni mwanae kweli. Ila kwenye muvi ni mfalme wa kukaa kitini, wakati kwenye hadithi zenyewe, alizoandika Snorri Sturluson kule Iceland miaka ya 1220 na mashairi yaliyomtangulia, Odin ni mtu wa njiani, kofia pana na joho, anaingia kwa watu na jina la uongo kutafuta maarifa. Jicho alilitoa mwenyewe, malipo ya kunywa kisima cha hekima cha Mimir. Na bado hakutosheka, akajitundika mtini usiku tisa, kachomwa mkuki, hana mkate hana maji, mpaka akazipata runi, yani zile herufi zao za kuchonga. Ana kunguru wawili, Huginn ndo fikra na Muninn ndo kumbukumbu, kila siku wanaruka kuzunguka dunia nzima, na mwenyewe anasema anaogopa Huginn asirudi lakini Muninn anamhofia zaidi. Mimi hapo ndo hunigusa, mungu mzima anaogopa kusahau!

Kuhusu Wajerumani, hapana kabisa. Karne ya 8 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, aliwapiga Wasaxon, kabila la Wajerumani wa kale, na kuwabatiza kwa nguvu, na kimebaki kiapo cha ubatizo ambacho mtu anamkana Woden, ndo huyo huyo Wodan, kwa jina. Kwahiyo wanafika Tanga walishakuwa Wakristo karne na karne, wamisionari waliopanda Mlalo kule Usambara 1891 walikuwa Walutheri. Masalia yapo machache, mfano maneno ya kuganga yaliyoandikwa karne ya 10, Wodan anatibu mguu wa farasi ulioteguka, anasema mfupa kwa mfupa, damu kwa damu.

Akikuuliza mwisho wa Odin, mwambie atamezwa na mbwa mwitu Fenrir, na atakayemlipizia kisasi siyo Thor, ni mwanae mwingine, Vidar.