Maswali na majibu: Pima maji kwanza, ndipo uilaumu resini

Barua za mwezi huu karibu zote ni za maji ya kuoshea vioo vya magorofa, yale yanayopandishwa kwa brashi ya fimbo ndefu na kuachwa yakauke yenyewe bila kufutwa. Nyingi hazina hata namba moja ya TDS, yaani kipimo cha madini yaliyoyeyuka majini, miligramu kwa kila lita. Nimeshasema, narudia: usiniandikie habari za resini, zile punje zinazokamata madini ya maji, bila kuniambia maji yanasoma ngapi kabla ya mtungi wake na ngapi baada yake. Kipimo chenyewe ni kidogo kama kalamu, unakichovya kwenye kikombe na kusubiri sekunde chache.

Shikamoo fundi. Nimenunua lita 25 za resini, nikafunga kwenye kisima cha nyumbani. Wiki haijaisha, vioo vimerudia madoa meupe. Nimeuziwa feki? (Mbezi Beach)

Marahaba. Kabla ya kumtukana muuzaji, tupige hesabu. Lita moja ya resini mchanganyiko hubeba gramu 20 hadi 30 hivi za madini, kisha imejaa. Kisima changu mimi kinasoma 1,400, na visima vingi vya karibu na bahari ni ndugu zake. Kila lita ya maji hayo inabeba gramu 1.4 za chumvi na chokaa. Lita zako 25 kwa gramu 25 kila moja ni gramu 625. Gawanya kwa 1.4: unapata lita 446 za maji safi. Tangi la lita 500 halijajaa, na pesa yako imekwisha.

Resini ni ya kumalizia kazi, si ya kuianza. Mbele yake weka mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupita kwenye utando unaozuia madini. Ikiwa nzima, itaondoa zaidi ya asilimia 90 ya madini. Tuseme 1,400 inashuka hadi 100. Mtungi uleule sasa unakupa lita 6,250. Kama unatumia maji ya bomba, tanguliza chujio la kaboni, maana klorini hula utando wa RO na hautengenezeki tena. Pia ujue RO inatupa maji mengi, nusu au zaidi, na hayo yanayotupwa yana chumvi kuliko kisima chenyewe. Yamwage chooni. Mchicha usiuguse nayo.

Resini ikichoka, naweza kuiloweka kwenye maji ya chumvi ya mezani ifufuke?

Swali hili limeletwa na watu wanane. Hapana, na hapana kwa wote wanane.

Mnachanganya vitu viwili. Resini ya kulainisha maji hufufuliwa kwa chumvi, kweli. Lakini kazi yake ni kuondoa kalsiamu na magnesiamu na kuweka sodiamu mahali pake. Sabuni itatoa povu vizuri, birika halitashika ukoko, ila ukipima TDS utakuta namba karibu ileile, na kioo kitashika madoa vilevile. Resini yetu ni punje za aina mbili zilizochanganywa. Moja hukamata kalsiamu, sodiamu na wenzao na kuachia hidrojeni. Nyingine hukamata kloraidi na salfeti na kuachia haidroksili. Vilivyoachiwa vikikutana ni maji. Ukiimwagia chumvi, umeijazia uleule mzigo uliotaka iutoe majini.

Kuifufua kunawezekana kiwandani: punje hutenganishwa, aina moja hupewa asidi ya haidrokloriki na nyingine kostiki soda. Usijaribu uani, watoto wanapita.

Na hapa nina ugomvi na baadhi ya maduka. Mara mbili nimeletewa mfuko ulioandikwa ni wa kuondoa madini, ndani punje zote rangi moja, kahawia kama asali. Ilikuwa ya kulainisha. Dukani omba kikombe cha resini, kitie kwenye chupa iliyotobolewa chini na kuzibwa kwa kitambaa, pitisha maji taratibu, pima. Isiposhuka hadi 000 au karibu yake, rudisha kikombe chao na uondoke.

Nafanya kazi ya vioo London. Rafiki yangu yuko Glasgow, resini yake inadumu miezi na miezi. Yangu kufa na kupona wiki tatu. Anatumia ujanja gani?

Hana ujanja, ana ziwa. Maji ya Glasgow hutoka Loch Katrine, ni maji laini yasiyobeba kitu kikubwa. Ya kwenu yanapita nchi ya miamba ya chokaa, mara nyingi husoma zaidi ya 250. Mwache rafiki yako atumie resini tupu. Wewe nunua RO.

Nikichemsha maji kwanza?

Utapata chai. Kinachoondoka ni mvuke, chumvi inabaki sufuriani.

Mtungi wangu umeanza kunuka samaki. Nimeusafisha nje, bado.

Umekaribia kunichekesha. Nje hakuna shida. Zile punje zinazokamata kloraidi zikichoka au kuharibika hutoa harufu hiyo. Mimi niliwahi kufungua mtungi nikadhani niko soko la Feri saa nane mchana. Badilisha resini. Nawe ulikuwa unapima? Harufu isiwe ndiyo kipimo chako. Mpya usiiache ikauke wala usiiweke juani: punje zilizokauka hupasuka zikilowa tena.

Maji ya mvua na ya AC yanafaa?

Ya mvua ni mazuri sana kupitisha kwenye resini, ila acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati na kinyesi cha kunguru, kisha yachuje. Ya AC husoma chini, lakini hubeba uchafu wa kwenye mashine, na ndoo moja kwa siku haioshi ghorofa.

Nasoma 000 kabisa na bado kuna michirizi. (Upanga)

Umekuja na namba, Mungu akubariki. Basi tatizo si maji. Mabaki ya sabuni ya miaka hayatoki siku moja. Osha mara mbili au tatu, na sabuni uiache nyumbani. Mpira wa fremu uliochakaa hudondosha weusi baada ya wewe kuondoka, kwa hiyo anza na fremu ya juu, suuza, ndipo ushuke kwenye kioo. Suuza huku umeinua brashi, uone maji yakishuka kama shuka moja. Madoa ya zamani ya chokaa yaliyokwisha ng'ata kioo hayatolewi na maji safi. Hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine, mwambie mteja kabla hujaanza.

Hukuniuliza, lakini Upanga naijua kwa nyaya. Vijana wananunua fimbo za nyuzi za kaboni wakidhani ni kama plastiki. Kaboni inapitisha umeme, sawa na alumini. Wala usijidanganye kwamba maji ya 000 hayapitishi: yakigusa vumbi la ukuta tu, hayako 000 tena. Tazama juu kabla ya kunyoosha fimbo. Waya ukiwa mahali ambapo fimbo ikianguka itaugusa, kioo hicho kiache.

Maji ya kwenye mtungi yanaweza kutiwa kwenye betri ya gari? Na kunywa?

Kwenye betri ndiyo, yakisoma 000 siku hiyohiyo. Kunywa hapana: bakteria hujazana kwenye mtungi uliokaa, na resini haiwaui.