Maswali yenu: Watu tunaongezeka, nyumba je?

Habari za kazi jamani. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimepanga chumba na sebule Mbagala, Dar es Salaam. Kila mkataba ukiisha mwenye nyumba anapandisha kodi na anataka ya miezi sita kwa mkupuo, ukiuliza unaambiwa mjini watu wamekuwa wengi. Sasa hii sensa tuliyohesabiwa 2022 imetusaidia nini sisi wapangaji?

Dada, pole sana na hiyo miezi sita. Mwenye nyumba wako kasema kweli ila kasema nusu. Watu tumeongezeka, 2012 Watanzania tulikuwa milioni 44.9 na 2022 tukafika milioni 61.7, lakini ukitaka kujua nyumba ngapi zinahitajika usihesabu vichwa, hesabu kaya. Wastani wa kaya moja 2012 ulikuwa watu 4.7, 2022 ukashuka mpaka 4.3. Kadogo eti, lakini piga hesabu uone: watu wameongezeka kama asilimia 37 wakati kaya zimeongezeka karibu asilimia 50! Vijana wanaondoka kwao kuja kutafuta maisha, mtu anaanza chumba kimoja, akioa anatafuta chumba na sebule kama yako, kwa hiyo mnaogombania chumba mko wengi kuliko hata idadi ya watu inavyoonyesha.

Hapa ndo mimi naona sera zetu zinakosea, tunapenda kuhesabu nyumba za kuuza wakati watu wengi wa mjini wanatafuta chumba cha kupanga. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962 na miaka ile ya mwanzo lilikuwa linabomoa vibanda na kujenga nyumba mpya palepale, kazi nzuri kwa macho lakini ghali, na ukibomoa nyumba kumi ukajenga kumi hujaongeza hata moja. Hata leo angalia Magomeni Kota, ambako serikali ilibomoa kota za zamani ikajenga palepale, magorofa mazuri kabisa na waliohamia wamefurahi na haki yao, ila ni kaya 644, na serikali yenyewe imekuwa ikitaja mahitaji ya nyumba mpya 200,000 kila mwaka juu ya upungufu wa milioni 3. Kwa mwendo huo hatufiki.

Kilichowahi kufanya kazi ni kuwatangulia watu. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja, barabara na maji vikapelekwa, halafu mwananchi akajenga mwenyewe kidogo kidogo kadiri anavyopata. Nenda Sinza leo uone vyumba vya kupanga vilivyojaa mle, hakuna serikali iliyovijenga. Pesa ilipokata viwanja vikapungua lakini watu hawakusubiri wakajenga popote, mpaka 2002 ndo ukaja mradi wa viwanja 20,000, na hapo mji ulishatangulia mbali.

Na mji haujasimama. Dar kati ya 2012 na 2022 imetoka watu milioni 4.4 mpaka 5.4, lakini mkoa wa Pwani umetoka milioni 1.1 mpaka 2! Humo wamo watu wa Dar waliokimbilia Vikindu, Kibaha na Kisarawe kutafuta kiwanja cha bei poa, asubuhi wako barabarani wanarudi Kariakoo. Sensa ya 2022 kwa mara ya kwanza ilihesabu na majengo, zaidi ya milioni 14, kwa hiyo takwimu zipo mpaka ngazi ya mtaa. Halmashauri zinatakiwa zipime Mkuranga huko Pwani sasa hivi kabla haijajaa, na kodi ya miezi sita iwekewe sheria inayobana kweli, maana mama mwenye mshahara wa mwezi anatoa wapi pesa ya nusu mwaka?

Salamu kutoka Mombasa. Huku tunakatwa 1.5% ya mshahara kwa ajili ya nyumba na mimi tayari nina nyumba yangu. Hii ni haki?

Ndugu yetu, kwanza mwajiri wako naye anatoa 1.5% nyingine juu yako. Makato haya Mahakama Kuu iliyakataa Novemba 2023, yakarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Sababu yake inaeleweka, sensa ya 2019 Kenya ilikuwa na watu milioni 47.6 na kaya ya wastani watu 3.9 tu, ndogo kuliko yetu, na miji inakua. Kuchangia wote mimi naunga mkono. Ninachokupa haki ni kuuliza nani anapewa funguo, maana mtu wa kibarua asiye na payslip ndo anakaa kwenye mabati, na akishindwa deposti basi mchango wako umemjengea mwingine.

Si tuzae wachache tu yaishe?

Haiishi mdogo wangu. Zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania wako chini ya miaka 15, yaani watakaotafuta chumba 2035 wameshazaliwa na wako shule. Uzazi wa mpango ni mzuri kwa afya ya mama na watoto lakini kwenye nyumba matokeo yake utayaona baada ya miaka ishirini na zaidi. Tena Japani watu wanapungua tangu kama 2008, nyumba zisizo na mtu zimefika karibu milioni 9, na bado Tokyo kodi iko juu kwa sababu kazi ziko huko. Kwa hiyo mkiulizwa maoni ya bajeti kwenye kata yenu msiulizie kuzaa, ulizieni viwanja vingapi vimepimwa mwaka huu na viko wapi.