Kabla ya kuomba uzamivu katika biolojia ya seli na anatomia

Vyuo vikuu kadhaa vya umma huko Marekani na Kanada, vikiwemo kile cha Calgary na kile cha Jimbo la Louisiana (LSU) mjini New Orleans, vina idara inayobeba biolojia ya seli na anatomia kwa pamoja, na waombaji wengi kutoka kwetu hudhani kwamba fani hizo mbili hupewa uzito ule ule. Mimi nimesoma uzamivu katika idara ya namna hiyo nchini Marekani, kisha nikarudi Tanzania kufundisha. Ushauri ninaowapa wadogo zangu wanaoniuliza ni huu: utafiti ufanye kwenye seli, lakini usikubali kuhitimu bila kufundisha anatomia mbele ya meza ya kupasulia miili ya wafu.

Sababu yake ni fedha na ajira, ambazo katika idara hizi hazitoki upande mmoja. Ruzuku za utafiti huenda kwa anayeuliza jinsi seli za saratani zinavyohama, jinsi neva iliyokatika inavyoota upya, au jinsi moyo wa kiinitete unavyojikunja mpaka ukawa na vyumba vinne. Misuli ya mkono ilikwisha kuelezwa karne nyingi zilizopita, kwa hiyo ni nadra mtu kulipwa ili aieleze tena. Ajira, hata hivyo, hufuata mkondo mwingine. Chuo cha tiba kinapofunguliwa hakianzi na hadubini ya leza ya mamilioni, bali na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaohitaji mwalimu wa anatomia, na mtafiti hodari wa molekuli ambaye hajawahi kushika kisu cha kupasulia hawezi kuijaza nafasi hiyo.

Ufundi huo haupatikani vitabuni peke yake. Mwanafunzi akifungua kwapa kwa mara ya kwanza hukutana na kamba nyeupe zinazofanana, zimezama kwenye mafuta, na hajui aanzie wapi. Mwalimu mzoefu humwambia aitafute kwanza ateri ya kwapa, kisha aangalie jinsi neva ya kati, neva ya alna na ile inayokwenda kwenye misuli ya mbele ya mkono zinavyochora herufi M mbele ya ateri hiyo. Akishaiona M, zilizobaki atazitaja mwenyewe. Tatizo ni kwamba miili haifanani, na baadhi ya watu M yao imepinda au ina tawi la ziada. Hapo ndipo utakapojua kama umefundishwa au umekariri. Jambo jingine la kujifunza huko ni adabu: miili mingi hutolewa kwa hiari na wenyewe wangali hai, na vyuo vingi hufanya ibada au hafla ya kila mwaka kuwashukuru pamoja na familia zao. Sisi tunaotegemea kwa sehemu kubwa miili isiyodaiwa na ndugu tuna la kutafakari.

Upande wa seli nao una gharama yake, hasa ya muda. Seli ulizozikuza hazijui sikukuu; kimiminika chao cha waridi kikianza kugeuka njano, maana yake wamechafua makao yao kwa asidi na wanahitaji kulishwa, hata kama ni Jumapili na wenzako wamekwenda kanisani. Kwa sababu hiyo wapo wasimamizi wanaoona kila saa ya kufundisha kuwa imeibwa maabara. Marekani, programu nyingi humpitisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika maabara kadhaa, kwa kawaida tatu, kabla hajachagua msimamizi. Tumia kipindi hicho kuwauliza wanafunzi wakongwe, msimamizi akiwa hayupo, kama anawaruhusu kufundisha na kama waliomtangulia walihitimu kwa wakati. Majibu yao yana thamani kuliko orodha ya machapisho yake.

Kuhusu fedha, mwanafunzi wa uzamili mara nyingi hujilipia mwenyewe, ilhali wa uzamivu kwa kawaida husamehewa ada na kupewa posho. Kuna jambo ambalo mgeni hufichwa bila mtu kukusudia: ufadhili wa mafunzo ambao taasisi za taifa za afya za Marekani, yaani NIH, huzipa idara kwa ajili ya wanafunzi ni wa raia na wakazi wa kudumu tu. Posho yako, basi, itategemea idara au ruzuku ya msimamizi. Ruzuku za NIH zimewekwa hadharani kwenye hazina yake ya RePORTER, ambako utaona tarehe ya kila mradi kuanza na kumalizika. Ukikuta ruzuku pekee ya msimamizi inaisha mwakani, muulize kwa heshima ana mpango gani. Si utovu wa adabu. Wenyeji huuliza pia.

Mtihani wa GRE, ule wa kupima waombaji wa shahada za juu, programu nyingi za sayansi ya tiba zimeuacha, kwa hiyo usiulipie kabla ya kusoma masharti. Ukipata nafasi, usikimbilie kusaini, kwani vyuo vingi vimekubaliana kumpa mwombaji aliyeahidiwa ufadhili muda hadi Aprili 15. Katika muda huo omba maelezo ya maandishi kuhusu bima ya afya na michango midogo midogo ya kila muhula, maana barua inayosema ada imesamehewa mara nyingi haiigusi michango hiyo, nayo hukatwa kwenye posho ile ile utakayolipia kodi ya chumba.