Usitundike potasiamu kabla hujauona mkojo wa mgonjwa

Lifute jibu hilo, mdogo wangu, kabla halijakuingia moyoni ukaingia nalo wodini. Umeuliza mambo mawili: namna ya kukariri viwango vya kawaida vya elektrolaiti, yaani chumvi zilizoyeyuka katika damu kama sodiamu na potasiamu, na kama umejibu sawasawa swali la mazoezi kuhusu mgonjwa aliyetapika na kuharisha kwa siku 3, mwenye shinikizo la damu la 84 kwa 50 na potasiamu ya milimoli 2.9 kwa kila lita ya damu (milimoli ni kipimo cha wingi wa chumvi hizo). Umeandika kwamba hatua ya kwanza ni kumtundikia potasiamu mara moja kwa sababu iko chini. Mimi nilifanya hivyo hivyo kwa mikono yangu, na aliyekuwa kitandani alikuwa mtu hai.

Nilikuwa mwaka wa 3 wa mafunzo. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, mwenye uzito wa kilo 60 hivi, aliyelazwa kwa kutapika na kuharisha. Potasiamu yake ilikuwa 3.0, na daktari aliagiza lita 3 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kila lita iwe na milimoli 40 za potasiamu na iingie kwa muda wa saa 4. Nilipoanza zamu, lita mbili zilikuwa zimekwisha. Nikatundika ya tatu, nikahesabu matone kwa uangalifu mkubwa, nikatia sahihi yangu. Kwenye chati ya maji, upande wa yanayoingia ulikuwa umejazwa vizuri, lakini upande wa yanayotoka haukuwa na hata tarakimu moja tangu dripu ya kwanza ianze. Nilidhani wenzangu wamesahau kuandika. Mfuko wa mkojo ulikuwa unaning'inia ubavuni mwa kitanda, karibu kabisa na goti langu, na sikuinama kuutazama. Ulikuwa na mililita 70 tu za mkojo wa kahawia nzito, nazo zilikuwa za saa 9 nzima.

Mtu wa kilo 60 anatarajiwa kutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa kila saa, yaani mililita 30 kwa saa. Kwa saa 9 zile tulipaswa kuona zaidi ya mililita 250. Figo zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi wakati sisi tukiendelea kumjaza, na ile 3.0 tuliyokuwa tukiitibu ilikuwa ya damu iliyochukuliwa kabla ya tone la kwanza kuingia.

Muda wa saa 2 na nusu hivi baada ya kuitundika lita ile ya tatu, mama aliniambia kwamba miguu yake imekuwa mizito na hawezi kujigeuza. Nilimshika mapigo nikapata 46 kwa dakika. Muuguzi kiongozi wa zamu alipofika aliifunga dripu kwanza, ndipo akaniuliza maswali. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mawimbi ya T yaliyochongoka kama vilele vya hema, na mchoro wa QRS, yaani sehemu ya pigo kuu la moyo, ulikuwa umeanza kutanuka: dalili za potasiamu iliyozidi. Potasiamu ilirudi ikiwa 7.2. Alichomwa kalisiamu glukoneti kuukinga moyo, kwa maana kalisiamu haiondoi potasiamu bali huizuia isiuvuruge moyo kwa muda mfupi. Akapewa yuniti 10 za insulini pamoja na glukosi ili potasiamu iingie ndani ya seli, akavutishwa dawa ya salbutamoli kwa lengo hilo hilo, na usiku ule ule akapelekwa kusafishwa damu. Alipona, akatoka hospitalini akitembea mwenyewe. Hadi leo siwezi kuupita mfuko wa mkojo bila kuinama.

Kosa ni langu, kwa kuwa sahihi iliyo kwenye chati ni yangu. Hata hivyo nina uchungu na yule mwalimu wa mafunzo ya wodini aliyetufundisha kwa mwaka mzima kwamba elektrolaiti ni hesabu ya kujumlisha na kutoa: namba ikiwa ndogo ongeza, ikiwa kubwa punguza, na mengine waachie madaktari. Nilimuuliza mara moja kwa nini tunaandika mkojo, akajibu kwamba ni utaratibu wa wodi. Utaratibu wa wodi! Swali lile lilistahili somo zima, na lau angelijibu, mama yule asingelazimika kuunganishwa na mashine ya kusafishia damu. Inaniudhi zaidi kuona muhtasari uleule wa majedwali bado unapita mikononi mwa wanafunzi kama wewe, ukiwa na safu ya viwango na safu ya dawa bila neno moja kuhusu figo.

Hesabu ambayo ningependa uikariri ni hii. Mtu mzima wa kilo 70 ana maji kiasi cha lita 42, na theluthi mbili zake, yaani lita 28, zimo ndani ya seli. Lita 14 zilizobaki ziko nje ya seli, na kati ya hizo kama lita 3 na nusu tu ndizo zilizomo ndani ya mishipa ya damu. Potasiamu ya nje ya seli ni kama milimoli 4 kwa lita, hivyo katika lita zote 14 kuna milimoli 56 tu. Sasa tazama chupa uliyotaka kuitundika: ina milimoli 40. Unaingiza kitu kinachokaribia potasiamu yote iliyo nje ya seli za mwili mzima. Kinachomwokoa mgonjwa ni kwamba seli huvuta sehemu kubwa na kuificha ndani, ambako mkolezo wake ni takriban 140, na kwamba figo hutoa ziada. Karibu asilimia 90 ya potasiamu inayotoka mwilini hupitia kwenye mkojo. Figo zikifunga, mlango mkuu wa kutokea umefungwa. Damu ikiwa imejaa asidi, kama inavyotokea kwa mtu aliyeharisha sana na figo zake zimechoka, hata seli huanza kuitema potasiamu badala ya kuivuta.

Ndiyo maana nasema mkojo kwanza, potasiamu baadaye. Kabla ya kugusa chupa hiyo, tazama mfuko, pima kilichomo, kigawe kwa saa zilizopita, kisha ulinganishe na uzito wa mgonjwa. Asipokuwa na katheta, yaani mrija wa kutolea mkojo, muulize amekojoa lini na kiasi gani, na umpe chombo cha kupimia. Ikiwa ni chini ya mililita 30 kwa saa kwa mtu mzima wa kawaida, au ikiwa hakuna anayejua, usitundike. Mwite daktari, mtajie kiasi cha mkojo, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi) na saa ambayo damu ya kipimo ilichukuliwa. Huenda akaamua kumpa potasiamu hata hivyo, kwa kiasi kidogo, mgonjwa akiwa amefungwa mashine ya kufuatilia moyo. Uamuzi huo ni wake, lakini hawezi kuufanya vizuri ikiwa wewe uliye karibu na mfuko umenyamaza. Chati ikiwa tupu upande wa yanayotoka, ichukulie kuwa mgonjwa hajakojoa mpaka uthibitishe mwenyewe.

Mkojo ukishatosha, bado kuna mipaka. Potasiamu ya mshipani haisukumwi kwa sindano moja kwa moja hata siku moja, kwa sababu husimamisha moyo. Katika mshipa wa mkononi, mkolezo wa kawaida hauzidi milimoli 40 kwa lita na kasi haizidi milimoli 10 kwa saa. Kasi kubwa zaidi huhitaji moyo ufuatiliwe kwa mashine muda wote. Usiiongeze kwenye chupa ambayo tayari inaning'inia, kwa kuwa hukaa chini karibu na mrija na mgonjwa huipokea yote kwa mkupuo. Ishushe chupa, changanya kwa kuigeuza mara kadhaa, bandika lebo, ndipo uitundike.

Kuhusu kukariri viwango: sodiamu ni 135 hadi 145, potasiamu ni 3.5 hadi 5.0, kalisiamu yote ya damu ni takriban 2.2 hadi 2.6, magnesiamu ni takriban 0.7 hadi 1.0, zote kwa milimoli kwa lita. Utazishika ndani ya wiki moja. Jiulize kila mara damu hiyo ilichukuliwa saa ngapi, na mgonjwa amepewa nini tangu hapo. Magnesiamu iangalie pamoja na potasiamu, maana ikiwa chini, figo huendelea kupoteza potasiamu na utaongeza chupa juu ya chupa bila kuona namba ikipanda.

Mgonjwa wa swali lako ana shinikizo la 84 kwa 50, na katika maelezo uliyonakili hakuna neno lolote kuhusu mkojo. Andika upya hivi: nampima mapigo, shinikizo na uzito, naangalia mkojo wake, namjulisha daktari, naanza maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yasiyo na potasiamu kama yatakavyoagizwa ili kurudisha ujazo wa damu, naomba kipimo cha umeme wa moyo, kreatinini na magnesiamu, naandika kila mililita inayotoka kila saa, na mkojo ukifika mililita 30 kwa saa au zaidi naomba agizo la potasiamu.