Mama Mroma, kunguru na mabuti: msomaji wa Vienna anauliza

SWALI: Shikamoo dada, mi msomaji wenu niko Vienna huku mwaka wa tatu nafanya kazi za usafi. Juzi jirani kanionyesha picha kwenye kitabu, kunguru weusi wengi, seng'enge, na mabuti ya askari tu sura huzioni, akaniambia aliyechora ni mama Mroma ambaye hakusomea sanaa hata siku moja. Kwanza hao Waroma ndo watu gani, wa Roma ya Italia? Halafu mtu hajasomea, picha zake zinafikaje makumbusho, au wanamwonea huruma tu?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Kwa kunguru na mabuti hayo, tena uko Vienna, huyo ni Ceija Stojka. Na Waroma hawahusiani na Roma, wazee wao walitoka kaskazini ya India kama miaka 1,000 iliyopita wakasambaa Ulaya, hadi leo tano kwao ni panj na Mhindi anasema panch.

Ceija kazaliwa Austria 1933, kwao wafanyabiashara wa farasi, maisha ya kuhama na gari la kukokotwa. Manazi wakamuua baba yake, na 1943 yeye na mama na ndugu zake wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mateso ya Manazi, ana miaka 9, wakamchanja namba mkononi, Z 6399, hiyo Z ni ya Zigeuner, jina Wajerumani walilowaita Waroma. Mdogo wake Ossi alifia humo humo. Yeye akapitishwa kambi nyingine mbili, Ravensbrück, kisha Bergen-Belsen hadi Waingereza walipofika Aprili 1945.

Sasa hayo mabuti. Mtoto wa miaka 9 kasimamishwa mbele ya askari, anaogopa kuinua macho, ataona nini? Ataona buti. Ndo maana sura huzioni, mama wa watu anachora akiwa na kimo kilekile alichokuwa nacho siku ile, na mimi kila nikiziangalia hizo picha najikuta nimeinama.

Vita vilipoisha akawa machinga, anauza vitambaa mlango kwa mlango, baadaye mazulia sokoni, shule alipata kidogo mno. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka 1988 na baada ya hapo ndo akaanza kuchora, umri umeshapita 55, jikoni kwake, kwa brashi, kwa vidole, hata kwa vijiti vya kuchokolea meno. Nyuma ya picha anaandika maneno vile anavyoyasikia masikioni, spelingi zake mwenyewe. Hadi anafariki 2013 kaacha kazi kama 1,000 hivi, na sio za kambi tu, kuna za alizeti na magari ya farasi yamepaki mbugani, rangi zinawaka.

Hilo la huruma sikubaliani nalo kabisa. Kutosomea sanaa hawakuchagua, Waroma wengi darasani walikaa kwa shida sembuse chuo cha sanaa. Hungary kulikuwa na János Balázs wa Salgótarján, kaanza kupaka rangi ana miaka zaidi ya 60, na kulikuwa na Mara Oláh aliyejiita Omara, msafishaji kama wewe ndugu yangu, jicho moja kalipoteza, mama yake alipofariki 1988 akashika brashi kupunguza uchungu, akawa anaandika sentensi nzimanzima juu ya picha ili asiwepo wa kumtafsiria vingine. Nyumba yake akaigeuza kuwa galari. 1979 Ágnes Daróczi, naye Mroma, aliandaa Budapest maonyesho ya wachoraji Waroma waliojifunza wenyewe, wakaacha kuwa mtu mmoja mmoja kijijini kwake, wakaonekana ni kundi. Picha za Omara zilifika Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa kule Kassel, Ujerumani, 2022, za Ceija zikatundikwa Reina Sofía, makumbusho ya sanaa Madrid, na huko hawatundiki mtu kwa kumwonea huruma.

We uko karibu, nenda mtaa wa Neubau, mbele ya kanisa la Altlerchenfeld kuna kiwanja kina jina lake. Na ukirudi kwa jirani mwombe tena kile kitabu, tafuta sahihi ya Ceija, pembeni yake mara nyingi kuna kitawi kidogo cha mti. Bergen-Belsen hakukuwa na chakula, mti ule ndo aliokula majani yake.