Fonti nyembamba juani

SWALI: Ndugu wahariri, nimetengeneza programu ya simu ya kuandikia mauzo na madeni kwa akina mama wanaouza Birere, hapa Goma. Nilichagua fonti nyembamba inayopendeza, lakini wanalalamika kwamba juani hawaoni kitu, na namba za risiti wanazinakili vibaya. Je, nikuze herufi tu?
Msomaji, Goma

JIBU: Ndugu msomaji, badilisha fonti kwanza. Kwenye skrini ya simu ya bei nafuu, mstari wa herufi ukiwa mwembamba kuliko pikseli moja, simu huuchora kijivu badala ya weusi uliouagiza, na jua la saa sita linaumeza. Tumia uzito (unene wa mistari ya herufi) wa 400 kwa maandishi ya kawaida, 600 kwa jumla ya malipo. Kwenye Android anza na 16 sp, si dp (vyote ni vipimo vya ukubwa kwenye skrini), kwa sababu sp hufuata ukubwa wa herufi aliouchagua mwenye simu. Angalia na rangi: kijivu cha #999999 juu ya nyeupe hakifiki hata uwiano wa utofauti wa mwanga wa 3:1, ilhali WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurahisisha usomaji wa kurasa za wavuti, inadai 4.5:1 kwa maandishi madogo. Kijivu cheusi zaidi, #595959, kinafika 7:1.

Risiti ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi, maana herufi moja ikikosewa, deni linamwangukia mteja mwingine. Andika Il1 O0 5S 8B rn m kwa kila fonti unayoifikiria, uone kama zinazofanana zinatofautika. Kwenye Arial, I kubwa na l ndogo ni karibu kijiti kilekile. Atkinson Hyperlegible, ya bure, imekata sifuri kwa mstari na kuipa l mkia. Hata hivyo namba hizo husomwa pia kwa sauti na kunakiliwa kwa kalamu, na huko fonti haifiki. Basi ondoa kabisa O, I, L, S na B kwenye namba za risiti, kisha kata namba nne nne: 7K4P 92HM.

Safu za faranga na dola zipange kulia, na uwashe tnum, kipengele cha fonti cha tarakimu za safu, ili tarakimu zote ziwe na upana mmoja. Bila hiyo, kwenye fonti nyingi 1 ni nyembamba, na 11 100 huonekana fupi kuliko 9 800 au karibu sawa nayo.

Jaribu sokoni mchana, mwangaza wa skrini ukiwa nusu. Usiwaulize kama inapendeza. Waombe wakusomee risiti tano, nawe uandike wanachosema.

Ukiongeza Kilingala, hakikisha fonti ina ɛ na ɔ, pamoja na alama za toni juu yake. Zikikosekana, simu huazima herufi ya fonti nyingine, au huonyesha kisanduku kitupu.